Nyumba Iitwayo Masalu

Rwamgasa,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa wifi yangu mpendwa Limi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi letu jekundu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mayu, mama yetu, naye mzima, goti lake likimruhusu kufika kisimani bila kumgombeza mtu njiani. Watoto wako hawajambo? Na ng'ombe je, malisho bado yapo au mmeshaanza kuwapeleka mbali? Sisi huku tunapumua. Kaka yako anakula vizuri, analala vizuri, na lile shati lake la kanisani sasa linambana tumboni. Mimi sina homa wala sina pahali panaponiuma. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kujibu.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Utasema wifi yako Msumbwa ameanza kujifanya bibi wa zamani. Wifi, simu imenishinda. Nikikupigia ndani kaka yako anakaa karibu anasikiliza, nikitoka nje mtandao unakatika, na hata tukipatana naishia kusema hatujambo, hatujambo, mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Mwita, yule dereva anayepita huko kwenu Solwa kufuata mashudu ya pamba. Naomba uisome peke yako kwanza, mpaka mwisho. Ukimaliza ndipo umsimulie mayu, kwa maneno unayoyajua wewe ya kumtuliza, maana yeye hasa ndiye ninayetaka kumwandikia, ila siwezi.

Nimesikia kwamba mkishavuna mpunga mayu atapanda gari aje kumwona mwanawe. Ni haki yake, na nyumba ni yake. Lakini namjua mayu. Akishuka tu atamkumbatia Ngusa, atamwita Baba Masalu, kisha ataanza kumlilia mjukuu wake, yule aliyekuwa akimwita mume wangu kwa sababu alibeba jina la babu yake. Sasa sikia, wifi. Kaka yako alitoka hospitali kule Mwanza bila Masalu. Hakujua kwamba alipata kuwa na mtoto, wala kwamba alimzika. Tulikuficha wewe na tukamficha mayu. Niseme vizuri, niliwaficha mimi, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuficha.

Ulikuja Mwanza ukamwona kitandani, kwa hiyo habari za duara, lile shimo la dhahabu alikokuwa akichimba, sizirudii. Mashine ya kusukuma hewa ilizima, wenzake wakamvuta juu kwa kamba, akakaa bila pumzi kwa muda ambao kila mtu anautaja wake. Ulipoondoka alikuwa ameshafumbua macho, tukamshukuru Mungu, tukadhani kilichobaki ni uji tu. Aliporudi nyumbani alijua kikombe ni cha kunywea, lakini jina lake halimjii. Akitaka chumvi ananyoosha kidole, nikimpa sukari anakasirika. Mambo ya zamani sana yalikuwepo: ng'ombe wa baba yenu mwenye pembe iliyokatika, wewe ulivyoanguka kwenye mpera ukasingizia kwamba umesukumwa. Mambo ya miaka ya karibuni yalifutika, na mimi nilikuwa kwenye hayo. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama nesi. Aliniita dada.

Huku walitupeleka kwa kijana mmoja anaitwa Cornel, mtu wa kusini, ambaye kazi yake ni kuwafundisha kusema watu waliopata kiharusi na matatizo ya namna hiyo. Yeye alinieleza kwamba kitu tunachokijua tunakiweka mara mbili kichwani, mara moja kama neno na mara moja kama picha, na hivyo viwili vinategemeana kama jembe na mpini. Jembe peke yake ni chuma, mpini peke yake ni kijiti. Kwa Ngusa, alisema, vyote bado vipo ila vimechomoka, na kazi yangu mimi ni kuvipachika. Nisimtajie neno tupu, wala nisimwonyeshe picha nikanyamaza. Vyote viwili kwa pamoja, kisha nifiche kimoja, yeye atafute cha pili. Na kila siku, hata akichoka, hata nikichoka.

Nikakata picha kwenye kalenda za zamani, na ambazo hazikuwepo nikazichora kwa mkaa ukutani. Kuchora sijui, unanijua. Mbuzi wangu alitoka na shingo ya twiga. Kaka yako alimcheka mpaka akakohoa, na neno mbuzi halijampotea tena tangu siku ile. Nilipomsimulia Cornel alisema picha ya ajabu ndiyo inayoshika, nzuri huteleza. Basi nikawa nachora vibaya bila aibu, na ukuta wetu ukajaa vituko.

Wenzake wa duara walipokuja kumwona wakatazama ukuta wakacheka, wakanikumbusha kwamba hiyo ilikuwa kazi yake mwenyewe. Kule chini ni giza, na mgeni akipotea njia anaweza asirudi, kwa hiyo kila kona wameipa jina la kitu kinachoonekana. Kuna Kwa Kuku, kuna Tumbo la Ng'ombe, kuna Mlango wa Mama Mkwe, ambapo lazima uiname upende usipende. Ngusa alikuwa hamshushi mgeni kabla hajamkalisha juu, akamfumbisha macho, akamsimulia njia nzima, na mgeni aseme anaona nini kila kona. Asipoona hashuki. Walisema hakuna aliyefundishwa na yeye aliyepata kupotea. Kaka yako alikuwa anawasikiliza kama wanamsifu mtu mwingine.

Majina ya vitu yalirudi haraka kuliko nilivyotegemea. Majina ya watu ndiyo yaligoma. Cornel alisema ni kawaida, kwamba ukisema ndoo kila mtu anaona ndoo, lakini ukisema Bernadina unaona nini? Jina la mtu halina umbo. Hapo kaka yako akaamua kwamba kila jina atalitafutia kitu cha kuliwekea. Loveness, binti wa jirani, akamwekea vitumbua vya mama yake. Mwita akamwekea gunia la mashudu. Kwangu mimi alihangaika sana, namwona ananitazama nikipika, midomo inacheza. Mwishowe akaniambia amepata. Bernadina ni yule mbuzi mwenye shingo ndefu, kwa sababu hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza akiwa na mimi. Ndivyo kaka yako alivyomjua mke wake, wifi, kwa mbuzi. Ungekuwepo ungenitania mpaka kaburini.

Picha ya Masalu nilikuwa nimeiondoa ukutani kabla hajatoka hospitali. Unaijua, ile aliyopigiwa studio Katoro, amesimama mbele ya ndege iliyochorwa ukutani, analia kwa sababu ndege haiondoki. Niliiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Sikuwa na mpango wowote. Nilijiambia mtu huyu hajui hata kijiko, neno hili nitamwanzishia wapi? Akishajua vijiko nitamwambia. Akishajua majina nitamwambia. Yeye hakuwahi kuuliza kama tuna watoto, na mimi sikumsaidia kuuliza.

Nikawaomba majirani waache kumwita Baba Masalu, wamwite Ngusa tu. Walikubali kwa mdomo. Lakini kumwita mtu mzima mwenye mji wake kwa jina tupu ni kama kumvua kofia mbele za watu, na huku wameshazoea. Mama Loveness alijaribu siku moja, akasema Ngusa, akaona haya, akamalizia na Baba Masalu papo hapo. Wenzake wa duara hawakujaribu kabisa. Mimi pia waliendelea kuniita Mama Masalu kama kawaida. Sikukumbuka hata kuwakataza.

Basi neno hilo alilisikia kutwa, na neno lilikuwa halina picha. Akaanza kulitafutia, kama alivyozoea. Aliniambia baadaye jinsi alivyolitafuta. Yeye ni Baba Masalu na mimi ni Mama Masalu. Hatutoki ukoo mmoja wala kijiji kimoja, yeye Msukuma mimi Msumbwa, kwa hiyo haliwezi kuwa jina la ukoo wala la kijiji. Kitu tunachochangia sisi wawili ni hiki tunacholala ndani yake. Asubuhi moja nilimkuta amechora nyumba kwa mkaa, bati lake, mlango wake, na sisi wawili tumesimama mlangoni. Akaniambia, kwa furaha ya mtu aliyejitafutia mwenyewe bila kufundishwa, kwamba amelipata: Masalu ndiyo nyumba hii, ndivyo inavyoitwa. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Nikasema ndiyo.

Kuanzia hapo likawa neno lake analolipenda kuliko yote. Akitoka kwenda kuota jua kwa kinyozi anarudi akisema Masalu leo kunanukia maharage. Mvua ikinyesha anazunguka na ndoo akiangalia kama Masalu kunavuja. Akichoka na maongezi ya watu anawaaga kwa heshima, anasema anarudi zake Masalu. Watu walimtazama, wakanitazama mimi. Cornel alipomsikia alidhani hicho ni Kisukuma cha nyumbani, akamsifu kwamba sasa hata lugha ya mama inarudi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye kiti. Nikasema ndiyo, inarudi.

Utanilaumu, na nakuruhusu. Lakini nikuambie ukweli, nililipenda. Tangu tulipomzika mtoto huko kwenu hakuna mtu aliyekuwa akilitaja jina lile bila kushusha sauti. Sasa lilikuwa linatajwa kwa sauti ya kawaida, pamoja na maharage na bati. Nilingoja liniume, halikuuma. Hakikuja kitu, kizuri wala kibaya. Nilipika, nilifua, nilifundisha maneno, nililala. Kanisani walinisifu kwa uvumilivu wangu, wakanitolea mfano, na mimi sikuwa navumilia chochote.

Wiki iliyopita nilimwambia. Kwa nini nilimwambia nitakueleza mwisho, sasa niache niseme ilivyokuwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, amekaa barazani anachambua mchele, kazi aliyopewa na Cornel ili vidole vichangamke. Nikatoa picha sandukuni nikaiweka juu ya ungo. Nilisema neno na picha kwa pamoja, kama tulivyofundishwa. Nikasema huyu ni Masalu. Alitikisa kichwa taratibu, kama anavyonisahihisha nikikosea kuchora, akasema Masalu ni nyumba. Nikasema hapana, Masalu ni mtoto, ni mwanetu, wewe ni baba yake na mimi ni mama yake, ndiyo sababu wanatuita hivyo. Akaitazama picha sana. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia amekufa, kwa homa, wakati wa mvua za mwaka jana, na amezikwa Solwa kando ya babu yake. Nililisema lote kwa mkupuo, kwa sauti ile ile niliyomfundishia kijiko.

Wifi, kaka yako alilia. Siku ile ya mazishi unakumbuka alisimama kama nguzo, akagawa sigara kwa wachimba kaburi, na watu wakasema huyu ni mwanaume. Safari hii alilia kama mtu aliyeambiwa leo, kwa sababu ndiyo kwanza aliambiwa leo. Mchele ukamwagika wote. Mama Loveness akasikia, akaja mbio amejifunga kanga kiunoni, akijua kuna mtu amefariki. Nikamwambia ni Masalu. Hakuniuliza habari ya mwaka jana inaliliwa nini leo. Alikaa chini mchangani akaanza kulia naye. Wakaja wengine. Kufika adhuhuri mkeka ulikuwa umetandikwa nje, wanaume wako kwenye mabenchi, mtu ameleta majani ya chai, na wenzake wa duara wakatoka kazini na tope lao wakaja kukaa. Ulikuwa msiba kamili, wa mtoto aliyekwisha kuzikwa, na hakuna aliyeona ajabu. Walinipa pole, nikaitikia tumeshapoa. Chai niligawa mimi. Sikulia. Nilikuwa naangalia kama sukari itatosha.

Watu walipotawanyika akaanza kuniuliza. Hakutaka habari za homa wala za mazishi, alitaka amwone mtoto mwenyewe. Akafumba macho, akaniambia nimwelekeze. Nikamwambia alikuwa na miaka minne. Akasema hiyo si picha. Nikamwambia alikuwa mtundu lakini msikivu. Akasema hayo ni maneno ya kusomwa kwenye misiba, haoni mtu hapo. Alitaka kujua akikimbia mikono inakaaje, akicheka mdomo unaendea upande gani, akimwita baba yake anasimama wapi. Nikajibu nilivyoweza. Kila nikimaliza anafumbua macho ananiambia bado, anachokiona ni mtoto analia mbele ya ndege, basi. Siku hizi hasemi tena kwamba Masalu kunanukia maharage. Nyumba ameivua lile jina, na jina halina pa kukaa. Anasema anataka afike Solwa aone kaburi, angalau apate kitu cha kuliwekea.

Sasa nikuambie kwa nini nilimwambia. Hili hakuna anayelijua, hata Mama Loveness.

Tangu Masalu alipotutoka nilikuwa na jambo langu moja ninalolifanya nikifua nguo, mikono ikiwa kwenye povu. Namwita kimoyomoyo, na yeye anakuja. Anakuja amembeba yule kuku wake mweupe kwapani, miguu ya kuku inaning'inia, kuku ameshakata tamaa ya kushushwa. Anakaa kidogo, anaondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na kilinitosha. Siku moja wiki iliyopita nikamwita, ikaja nyumba. Bati, mlango, na watu wawili wa mkaa. Nikaacha, nikamwita tena, ikaja nyumba. Nikasuuza nguo, nikazianika, nikakaa chini vizuri nikamwita kwa jina lake lote, ikaja nyumba. Nikaenda sandukuni nikatoa picha. Nikamwona analia, lakini huyo ni mtoto wa studio, nikifumba macho habaki. Habari ya kuku ninayo, naweza kukusimulia kama hivi ninavyokusimulia. Naijua kwa maneno. Mtoto simwoni.

Cornel alinionya mapema kwamba neno hushikamana na picha unayolirudia nayo. Alikuwa ananionya kwa ajili ya Ngusa. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa mwanafunzi. Nililisikia Masalu na bati, Masalu na maharage, kutwa nzima, na kila mara nikaitikia ndiyo. Kwa hiyo, wifi, sikumwambia kaka yako kwa kumwonea huruma, wala kwa kuogopa Mungu. Nilimwambia kwa sababu nilidhani labda yeye akiiona picha atamkumbuka mtoto, halafu anirudishie. Kumbe yeye amefumba macho ananingoja mimi, na mimi ninampa maneno matupu. Hilo naona uchungu wake, wifi. Ni uchungu mdogo, uko mbali, lakini ni wa kwanza.

Kwa hiyo naomba mayu asipande gari. Tutakuja sisi. Mwita akianza safari yake ijayo tutakaa naye mbele, ameshakubali. Mwambie mayu asiogope kumwita mwanawe Baba Masalu, amwite tu, sasa anajua maana yake. Asitupe pole, pole tumepewa za kutosha, za msiba wa kwanza na wa pili. Atusimulie. Mtoto alikaa naye masika yote wakati mimi naumwa, alimwona akila, akilala, akimkojolea kitandani. Aanzie popote. Asiseme alikuwa mtoto mzuri. Aseme alifanya nini, na alikuwa amekaaje alipokuwa anafanya, na jua lilikuwa upande gani. Wewe pia, na watoto wako, maana wao walicheza naye. Hata yale mliyokuwa mnanificha, kwamba alimtusi nani na nani alimfundisha. Msimwambie kaka yako peke yake mkidhani mimi ninajua. Tunakuja wazazi wawili, na hakuna hata mmoja anayemwona mtoto.

Kaburi nalo msilipalilie. Mliache na majani yake, baba yake atalipalilia mwenyewe.

Sina mengine, karatasi nayo inakwisha. Nisalimie wanao mmoja mmoja, na shemeji, mwambie ile radio yake bado iko kwa fundi na fundi bado ana maneno matamu. Mpe mayu shikamoo yangu, mwambie wabeja sana kwa karanga, tulizila zote na kaka yako alilijua neno karanga bila kusaidiwa. Mungu awatunze mpaka tutakapoonana.

Ni mimi wifi yako,
Bernadina